Mifumo Ihamapo, Kiswahili Nacho Kihame

Kwa zaidi ya miongo miwili sasa, vyama vya Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu vimekuwa uwanja wa mjadala mmoja usiokwisha. Je, mashine hii tuiite tarakilishi, ngamizi au kompyuta? Chombo tukitiacho mfukoni ni rununu, ni rukono au ni simu ya mkononi? Makongamano yameandaliwa, makala yamechapishwa, na baadhi yetu wamekwisha nuniana kwa ajili ya neno moja tu. Siupuuzi mjadala huo, maana istilahi ni mlango ambamo lugha huingilia katika taaluma. Hata hivyo, nina shaka kama tumesimama kwenye mlango ufaao. Wakati sisi tunabishania jina la mashine, wapo watu wanaoandika sentensi zinazosomwa ndani ya mashine yenyewe, sentensi ambazo muuguzi, karani na mgonjwa hukumbana nazo kila uchao. Watu hao si wanaisimu. Wengi wao ni wahitimu wa idara za sayansi ya tarakilishi, majirani zetu wa jengo la pili, na hawajatualika kwa sababu hawajui kwamba tuna la kusema.

Dai langu katika makala haya ni kwamba fursa kubwa zaidi ya Kiswahili katika teknolojia haimo katika kubuni majina ya vifaa. Imo katika kile kipindi kifupi ambapo mfumo mkongwe unabomolewa na kujengwa upya. Kipindi hicho hakidumu, na kikipita huenda kisirudi kwa miaka kumi.

Msomaji asiyeshughulika na mambo haya ataniwia radhi nikieleza kidogo. Programu ambazo wengi wetu tulizikuta maofisini zilisakinishwa katika kila tarakilishi, moja baada ya nyingine. Karani wa masjala alikuwa na yake, mhasibu naye alikuwa na yake, na mashine ikiharibika, kumbukumbu nazo ziliweza kuzikwa pamoja nayo. Nyingi ziliundwa kwa Microsoft Access au kwa Visual Basic, ambayo toleo lake la 6 la mwaka 1998 lilipendwa mno hata likaendelea kutumika baada ya Microsoft kuacha kuyahudumia mazingira yake ya uundaji mwaka 2008. Kisha zikaja programu za wavuti, yaani seva moja inayofikiwa na watumiaji wengi kwa vivinjari vyao. Kila mtumiaji abonyezapo kitufe, ukurasa mzima huletwa upya kutoka kwenye seva.

Awamu ya tatu ndiyo tunayoishi. JavaScript ni lugha aliyoiunda Brendan Eich wa kampuni ya Netscape mwaka 1995, kwa muda wa siku 10 hivi, ili itumike kwa vijikazi vidogo vya kurasa za wavuti. Leo lugha hiyohiyo ndiyo inayojenga skrini nzima ndani ya kivinjari, kwa msaada wa viunzi kama vile AngularJS (2010), React (2013) na Vue (2014). Wanafunzi wa uzamili wanalijua neno 'kiunzi' kutokana na kiunzi cha nadharia, na maana yake hapa haiko mbali: ni mifupa iliyokwisha kuungwa, ambayo muundaji programu huivika nyama yake mwenyewe.

Sababu za kuhamia huko ni nyingi na sitazichambua zote. Vivinjari navyo hufa: Internet Explorer, ambayo mifumo mingi ya ofisi iliundwa kwa kuitegemea, ilistaafishwa na Microsoft mwezi wa Juni 2022. Flash ilikuwa imetangulia mwishoni mwa mwaka 2020. Muhimu zaidi ni kwamba skrini iliyojengwa kwa JavaScript hufunguka katika tarakilishi, kishikwambi na simu bila kusakinisha chochote, tena inaweza kupangwa iihifadhi kazi ndani ya kivinjari mtandao ukatikapo, na kuipeleka kwenye seva mtandao urudipo. Mtu aliyewahi kufanya kazi katika zahanati ya mashambani hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Mfano ninaouona kuwa bora zaidi uko papa hapa nyumbani. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, ulianza kutumika mfumo wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa ulioundwa kwa Microsoft Access, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza ya aina hiyo katika vituo vya afya vya mashambani kusini mwa Sahara. Matibabu ya UKIMWI yalipoanza kuwafikia maelfu ya wagonjwa kupitia mpango wa AMPATH wenye makao yake Eldoret, Access ilielemewa. Mwaka 2004, Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis walizuru Eldoret, na kutokana na haja waliyoiona huko kukazaliwa OpenMRS, mfumo huria wa wavuti uliotungwa kwa lugha ya Java. Ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Tangu hapo umesambaa katika mataifa mengi, na KenyaEMR, inayotumiwa na vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake. AMPATH walijiundia baadaye skrini mpya za wahudumu kwa AngularJS, kisha wakalazimika kuzihamishia kwenye Angular, kiunzi kilichoandikwa upya mwaka 2016 kwa namna ambayo programu za mtangulizi wake hazikuweza kuingia humo pasi na kubadilishwa. Nayo jumuiya ya OpenMRS imekijenga kizazi cha 3 cha skrini zake kwa React.

Hebu fikiri. Katika muda wa robo karne hivi, rekodi ya mgonjwa mmoja ingeweza kuhama nyumba mara tatu, nne au tano, naye mwenyewe asijue. Swali langu ni hili: katika safari hizo, nini kilichukuliwa na nini kiliachwa njiani?

Data ilichukuliwa. Wahandisi hulifanya hilo kwa uangalifu wa mtu ahesabuye punje za mtama. Hulinganisha idadi ya rekodi kabla na baada, hukagua safu kwa safu, na rekodi moja ikipotea, hakuna alalaye. Maneno ya skrini, kwa upande mwingine, hayahamishwi. Huandikwa upya. Kitufe kilichokuwa na neno fulani katika mfumo wa kale hupewa neno jipya na kijana anayekijenga, pengine saa tano za usiku, kwa lugha inayomjia kwanza. Lugha hiyo ni Kiingereza. Si kwamba anakidharau Kiswahili. Ni kwamba lugha zenyewe za kutungia programu zimejaa Kiingereza na mikono yake imekwisha kukizoea. Hapo ndipo uamuzi wa lugha unapofanyika. Haufanyiki katika kongamano wala katika kamati ya sera. Baada ya miezi michache skrini huzinduliwa, wahudumu huzizoea, fedha za mradi hukauka, na yeyote atakayetaja Kiswahili huambiwa asubiri awamu ijayo.

Na wala si kwamba nafasi haikuwepo. Kiini cha OpenMRS ni kitu ambacho mwanafunzi yeyote aliyesoma semantiki angekitambua mara moja, nacho ni kamusi ya dhana. Kila jambo liwezalo kurekodiwa, liwe ni kikohozi, shinikizo la damu au dawa, ni dhana yenye nambari yake, na dhana hiyo inaweza kupewa majina mengi katika lugha nyingi. Rekodi ya mgonjwa huhifadhi nambari ya dhana. Neno huletwa tu wakati wa kuonyeshwa kwenye skrini. De Saussure angefurahi kuona kiashiria kimetenganishwa na kiashiriwa kwa waya na umeme. Kwa mpango huo, tabibu wa Msumbiji anaweza kusoma Kireno na wa Haiti akasoma Kifaransa, hali data ni za muundo uleule.

Kisanduku cha Kiswahili nacho kinawezekana, tena bila idhini ya mtu yeyote wa Indianapolis. Kukijaza hakuhitaji mtu aijue JavaScript hata chembe. Kunahitaji mtu anayejua kwamba 'kifua' kinaweza kuwa kiungo cha mwili na kinaweza kuwa ugonjwa. Kunahitaji mtu anayejua kwamba Wakenya wengi wakisema 'nina homa' huwa wanazungumzia mafua, pua zinawachuruzika, ilhali kamusi, na Mtanzania pamoja nayo, husema kwamba homa ni joto la mwili lililopanda. Nani basi mjuzi wa mambo haya, kama si sisi?

Hatari ya kuliacha pengo hilo wazi huonekana tabibu anapouacha uso wa skrini na kumgeukia mgonjwa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI waulizwe kuhusu dalili nne za kifua kikuu kila wanapofika kliniki, nazo ni kikohozi, homa, kupungua uzito na kutokwa na jasho usiku. Maswali hayo yameandikwa kwenye skrini kwa Kiingereza. Mazungumzo yenyewe, katika kliniki nyingi za nchi hii, ni ya Kiswahili. Kwa hivyo kila mhudumu hufasiri papo kwa papo, kwa kadiri ya kipaji chake na uchovu wake. Mmoja atauliza, 'Unakohoa?' Wa pili, 'Unakohoa sana?' Wa tatu, 'Umekuwa ukikohoa siku hizi?'

Hayo si maswali sawa, na katika ukumbi huu sina haja ya kulieleza jambo hilo kwa kirefu. Kiambishi -na- katika 'unakohoa' kinaweza kuchukuliwa kuwa cha wakati huuhuu tunapozungumza, na mgonjwa ambaye hajakohoa tangu aingie chumbani atajibu 'la' kwa unyofu kabisa. Kielezi 'sana' kinaweka kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani halikukiweka. Mwenye kikohozi chepesi, ambaye ndiye hasa tunayetaka kumgundua mapema, ataruka nje ya wavu. Swali la tatu tu, kwa kuunganisha hali timilifu na hali ya kuendelea, ndilo linalokaribia kilichokusudiwa. Ukija kwenye homa, mambo huharibika zaidi: 'Una homa?' kwa mgonjwa wa Nakuru ni swali kuhusu mafua. Lakini majibu yote, yawe ni ya swali gani, huingia katika hifadhidata chini ya nambari moja ya dhana. Mtafiti atakayeyachambua mwakani ataona takwimu safi, asijue kwamba nyuma yake yamo maswali matatu tofauti. Kuandika swali moja la Kiswahili, lililopimwa kwa wasemaji wenyewe, likakaa kwenye skrini mbele ya tabibu, ni kazi ya alasiri moja kwa mtu aliyesoma mofolojia. Kazi hiyo hufanyika kwa wepesi zaidi fomu zinapokuwa zinaandikwa upya kwa ajili ya kiunzi kipya, kwa kuwa wakati huo kila swali linapita mikononi mwa mtu.

Tuseme sasa mradi umekubali, na mfasiri ameitwa. Hapo litamkabili tatizo la pili, ambalo mimi huliona kuwa la kiisimu zaidi ya la kiufundi. Waundaji programu hupenda kuijenga sentensi kwa vipande: hapa jina la kitu, pale kitenzi, na mashine huviunganisha. Kwa Kiingereza ujanja huo hupita, kwa sababu kitenzi cha kusema kwamba kitu kimefutwa hakijali ni kitu gani. Mfasiri hupewa kitenzi peke yake, bila nomino yake, naye huandika 'imefutwa'. Mfumo ukianza kazi, skrini husema 'Fomu imefutwa', nasi tunashangilia. Kisha husema 'Cheti imefutwa'. Halafu 'Jina imefutwa', 'Ujumbe imefutwa', na siku ya kiama, 'Daktari imefutwa'. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angesahihisha: cheti kimefutwa, jina limefutwa, ujumbe umefutwa. (Daktari tumwombee tu.) Mhandisi anaweza kuyatazama makosa hayo miaka 10 asiyaone, hasa ikiwa Kiswahili chake mwenyewe ni kile cha mtaani ambacho ngeli zake zimekwisha kusalimu amri.

Ni haki kusema kwamba wajenzi wa vifaa vya lugha hawakulala. Muungano wa Unicode una hazina ya kanuni za lugha za dunia, na Kiswahili kimo, pamoja na vijalizo vya Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo. Hazina hiyo inaeleza kwamba Kiswahili kina makundi mawili ya idadi, umoja na wingi, na JavaScript huweza kuisoma kanuni hiyo moja kwa moja. Kwa hivyo 'faili 1 imefutwa' na 'faili 3 zimefutwa' ni jambo lililokwisha kutatuliwa. Ngeli haimo. Hata hivyo, ipo njia. Utaratibu uleule ambao vifaa hivi huutumia kuchagua umbo la sentensi kulingana na jinsia, kwa ajili ya lugha kama Kifaransa, unaweza kutumiwa kuchagua kulingana na ngeli, mradi kila nomino ndani ya mfumo ibebe lebo yake: KI-VI, LI-YA, U-I, na kadhalika. Inayobakia ni kazi ya kuziainisha nomino hizo, kazi ambayo tumekuwa tukiifanya kwenye karatasi za mitihani tangu shule ya msingi bila kujua kwamba ina soko.

Ipo pia njia nyepesi, ambayo naistahi kwa sababu inatoka ndani ya lugha yenyewe. Badala ya kutenda kwa kauli ya kutendwa, mfasiri humpa mtumiaji utendaji: 'Umefuta cheti', 'Umefuta jina', 'Umefuta ujumbe'. Kiambishi kikawa ni cha nafsi ya pili, ngeli ya kitu ikakaa kimya, sentensi ikasimama wima. Mfasiri anayelijua hilo huokoa mamia ya sentensi kwa pigo moja. Lakini si kila tendo lina mtumiaji nyuma yake; mfumo wenyewe hufuta, hutuma na hukataa. Na muundaji programu akiwa amekwisha kuzikata sentensi vipande, hakuna ufundi wa mfasiri utakaoziunga. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mtu wa Kiswahili aketi mezani kabla ya kukatwa kwa sentensi ya kwanza.

Tatizo la tatu ni la saa, nalo limewahi kunigusa. Shangazi yangu anahudhuria kliniki ya shinikizo la damu katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Hospitali hiyo ilipobadilisha mfumo wake, ilianza kuwatumia wagonjwa ujumbe wa kuwakumbusha miadi, na kwa kweli ilifanya jambo la kupongezwa: ujumbe ulikuwa kwa Kiswahili. Ulisema miadi yake ilikuwa tarehe fulani, 'saa 8:00'. Shangazi alimaliza kazi zake za asubuhi, akavaa kanga zake za kutokea, akafika saa nane kamili za mchana. Kliniki ilikuwa imefungwa tangu saa saba, na daktari wake alikuwa amemngoja tangu saa mbili asubuhi. Aliambiwa kwamba wagonjwa wa umri wake hawazingatii wakati. Alirudi nyumbani pasipo dawa, na ilimbidi angoje siku nne nyingine.

Nilipochunguza baadaye, nilibaini kwamba hakuna aliyekusudia ubaya. Ukiiamuru JavaScript iandike tarehe kwa Kiswahili, itakupa Jumatatu na Alhamisi, Machi na Desemba, bila taabu. Saa itakuacha nayo kama ilivyo. Haijui kwamba siku ya Mswahili huanza jua linapochomoza, na kwamba kati ya nambari iliyo kwenye seva na nambari iliyo kinywani mwa shangazi kuna tofauti ya saa sita. Hesabu yenyewe ni ya kutoa sita tu. Anayejua kwamba itolewe ndiye aliyekosekana. Napendekeza iandikwe kwa maneno na kwa nambari pamoja, 'saa mbili asubuhi (08:00)', kwa sababu vijana wetu wengi sasa husoma saa kwa Kiingereza hata wanapozungumza Kiswahili, na ujumbe uleule humfikia bibi na mjukuu.

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba matabibu husomea kazi yao kwa Kiingereza, na kwamba kuwajazia skrini maneno kama vile 'mshipa' na 'kongosho' kutawachelewesha. Katika hilo wana hoja, nami sitabishana nao. Jina la ugonjwa na jina la dawa yanaweza kubakia kama yalivyo machoni pa daktari. Kamusi ya dhana inaruhusu majina yote mawili yakae bega kwa bega. Ninachodai ni kwa yale yanayovuka meza, yaani swali analoulizwa mgonjwa, maelezo ya dawa anayokwenda nayo nyumbani, ujumbe unaoingia simuni mwake. Hayo ni yake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe mambo yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Sioni ni vipi sheria hiyo itatimizwa na mfumo ambao haujui kusema saa.

Wengine watasema tumekwisha kujaribu. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilishiriki katika kuandaa istilahi. Microsoft nayo ilitoa Windows na Office zenye sura ya Kiswahili katika miaka hiyohiyo. Tulishangilia. Leo ni nadra mno kuiona tarakilishi ya ofisi ya umma Nairobi ikizungumza Kiswahili. Naona sababu mbili. Kwanza, programu hizo zilimfikia mtu aliyekwisha kujifunza kuzitumia kwa Kiingereza, akaona hana haja ya kujifunza upya. Pili, na hili ndilo la uzito zaidi, kazi ilifungamanishwa na toleo moja la programu ya kusakinishwa. Ulimwengu ulipohamia kwenye kivinjari, maneno yalibakia katika nyumba ya zamani kama vyungu vya mwenye nyumba aliyehama usiku. Waliotangulia walifanya kazi adilifu. Ila hapakuwa na mtu wa kuibeba.

Kwa sababu hiyo, sipendekezi mradi mkubwa wenye uzinduzi na fulana. Napendekeza mambo madogo. Idara za Kiswahili zizungumze na idara za tarakilishi katika chuo kilekile, ili mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa Kiswahili aweze kuandika tasnifu yake kuhusu fomu moja ya kliniki: aifasiri, aipime kwa wagonjwa kwa kufuata maadili ya utafiti, aeleze ni wapi walielewa vingine. Faili za maneno katika viunzi hivi vya JavaScript ni maandishi ya kawaida. Upande mmoja ufunguo, upande wa pili sentensi, na mtu anayejua kuandika barua pepe anaweza kuzihariri. Miradi huria kama OpenMRS hupokea michango ya yeyote, na jina la mchangiaji huhifadhiwa. Wahadhiri wetu nao walihesabu hilo kuwa kazi ya kitaaluma wanapotoa alama. Kwa sasa, mwanafunzi anayechambua taswira katika diwani hupata shahada, na anayesahihisha swali linaloulizwa kila siku katika kliniki hupata asante.

Limebaki jambo moja ambalo ningependa wenzangu wa isimujamii walijadili katika toleo lijalo. Mifumo hii inaruhusu Kiswahili kimoja kwa wote, au Kiswahili cha Kenya kando na cha Tanzania. Mapokeo yetu ya usanifishaji, tangu kamati ya lugha ya mwaka 1930, yanatuvuta kuelekea kisanduku kimoja, na najua wengi wataniona msaliti nikipendekeza viwili. Lakini fomu ya kliniki si kitabu cha kiada. Haimfundishi mgonjwa kusema, inamwuliza anaumwa wapi. Kwa maoni yangu, neno 'homa' peke yake linatosha kutufanya tuvijaze vyote viwili.